Kutoka Kampala hadi Watamu kuzamia: mwongozo kamili kwa anayeishi mbali na bahari

Waganda wengi wakisema "pwani" wanamaanisha Mombasa, na Mombasa ina kelele zake. Ukipita Mtwapa na Kilifi, kilomita mia moja na kidogo kaskazini, unafika Watamu: mji mdogo wa wavuvi wenye mchanga mweupe, mwamba wa matumbawe unaoukinga ufukwe, hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, na vituo vya uzamiaji vinavyompokea hata ambaye hajawahi kuonja maji ya chumvi. Mwongozo huu ni wa anayetoka Kampala, Jinja au Mbale kwa nchi kavu, anayetaka kuzamia kwa mtungi wa hewa na kubaki na siku za kukaa ufukweni.

Kabla ya kununua tiketi yoyote, anza na siku ya kurudi. Barabara ya kutoka Nairobi kuja Uganda inapanda hadi zaidi ya mita 2,700 pale Timboroa. Ndani ya ndege ya abiria, hewa haipungui kupita ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Kwa hiyo basi la usiku linampandisha mzamiaji juu kuliko ndege inavyompandisha, na onyo la kutopanda ndege mara baada ya kuzamia, kwa kuwa naitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu ukipanda juu, linalihusu basi pia. Wageni wanaokuja pwani kwa ndege huambiwa habari hii na kila mwalimu. Anayerudi kwa basi mara nyingi haambiwi, kwa kuwa mwalimu hajui kwamba atapita Timboroa.

Mwezi wa kwenda

Bahari ya Watamu inatawaliwa na pepo mbili. Kusi inavuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi; mawimbi huwa makubwa, mwani hutupwa ufukweni, maji huchafuka, na baadhi ya vituo vya uzamiaji hufunga kabisa wakati wa masika, hasa Mei na Juni. Kaskazi inavuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndio msimu wa kuzamia. Oktoba nayo huwa nzuri, ingawa mvua za vuli zinaweza kuivuruga: mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya Malindi, na mvua kubwa zikinyesha bara, tope lake husambaa na kupunguza mwanga chini ya maji.

Kipindi tunachokipendekeza kwa familia za Uganda ni katikati ya Januari. Shule za Kenya huwa zimefunguliwa mwanzoni mwa mwezi huo, watalii wa Krismasi wamerudi kwao, na watoto wetu bado wako nyumbani hadi Februari. Vyumba vinapatikana na bei inajadilika. Wiki ya Krismasi na mwaka mpya iepuke. Watamu huwa si mji mtulivu tena. Angalia pia Ramadhani inaangukia lini. Kuzamia kunaendelea kama kawaida, ila vibanda vingi vya chakula mjini hufungwa mchana, na kula barabarani mbele ya waliofunga si adabu.

Karatasi na mwili

Mwananchi wa Uganda anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Pasipoti bado ni bora, kwa sababu utaihitaji ukitaka kusajili laini ya simu bila maswali mengi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima iwe mfukoni: chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 ni ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani isikataliwe kwa madai kwamba miaka 10 imepita.

Acha kaveera nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Juni 2020 ikazuia plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, ndani ya hifadhi zake. Nguo, chapati za njiani, vyote viwe ndani ya mifuko ya kitambaa.

Kisha fomu ya afya. Kila kituo cha uzamiaji kitakupa karatasi ya maswali kuhusu pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa sikio au kifua, kisukari, ujauzito na dawa unazotumia. Jibu moja la "ndiyo" linatosha kukuzuia hadi daktari atie sahihi. Omba fomu hiyo kwa barua pepe ukiwa bado Kampala, umwone daktari huko huko, maana kumtafuta daktari ukiwa Watamu kunakula siku moja ya likizo. Wapo wanaoandika "hapana" kila mahali ili yaishe. Pumu ikikukamata chini ya mita 12 za maji, hakuna wa kumdanganya. Mwenye mimba asizamie hata mara moja.

Pwani ina malaria. Ukitumia vidonge vya kinga, mwambie daktari kwamba unakwenda kuzamia ili asikupe mefloquine, ambayo huleta kizunguzungu na hofu, mambo yanayofanana na dalili za ajali ya uzamiaji.

Ogelea kwanza, Kampala

Kozi ya mwanzo ya kuzamia huchukua siku tatu au nne, huanzia umri wa miaka 10, na inadai uogelee mita 200 bila kupumzika, bila haraka, kisha uelee dakika 10 bila kushika kitu. Katika bwawa la mita 25 hiyo ni mizunguko minane ya upande mmoja. Usiposhindwa na hayo Kampala, hutashindwa Watamu. Asiyejua kuogelea kabisa ajipe miezi miwili ya mazoezi, mara mbili tatu kwa wiki. Masomo ya nadharia hufanywa kwa intaneti. Yamalize kabla ya kuondoka, la sivyo utayasoma hotelini jioni huku wenzako wako ufukweni.

Asiyetaka kozi anaweza kuomba mbizi ya majaribio: maelezo ya asubuhi, mazoezi kidogo kwenye maji mafupi, kisha kushuka na mwalimu hadi mita 12 kwa kina cha juu kabisa. Mwenye cheti cha mwanzo anaruhusiwa mita 18.

Kifaa kimoja cha kununua mwenyewe ni miwani ya kuzamia, ile inayofunika na pua. Ijaribu dukani bila kufunga mkanda: iweke usoni, vuta hewa kwa pua, uachie mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni saizi yako. Mwenye misuko au rasta aje na kitambaa au kofia laini ya kubana nywele nyuma, kwa kuwa unywele mmoja tu chini ya ukingo wa mpira unaingiza maji. Miwani mipya isugue kwa dawa ya meno kwa ndani ili kuondoa utando wa kiwandani, vinginevyo itajaa ukungu hata ukiitemea mate mara ngapi.

Njia

Basi la jioni kutoka Kampala hufika Nairobi asubuhi, safari ya saa 12 hadi 14 kutegemea mpaka. Iwe Busia au Malaba, anayekwenda Kenya hukaguliwa na nchi zote mbili upande wa Kenya. Pita madirisha yote mawili na tunza karatasi utakayopewa. Anayeruka dirisha moja kwa sababu basi linapiga honi hukutana na matatizo siku ya kurudi.

Kutoka Nairobi panda treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, kwenda Mombasa, safari ya saa tano au sita hivi. Kituo kiko Syokimau, nje ya mji, na siku ya foleni barabara hiyo inaweza kukuchelewesha saa nzima na zaidi. Tiketi hulipiwa kwa M-Pesa na huisha mapema mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu, hivyo usifike Nairobi bila tiketi. Ukaguzi wa mizigo ni mkali: fika saa moja kabla au zaidi, na kisu chochote, hata kile kidogo cha wazamiaji, usikibebe.

Treni ya alasiri inakufikisha Mombasa usiku. Lala hapo. Asubuhi panda matatu ya Malindi na umwambie kondakta akushushe Gede. Kutoka Gede hadi Watamu ni kilomita sita saba kwa tuktuk au boda. Usikubali kupelekwa hadi Malindi kisha urudi. Kondakta asiyetaka kusimama njiani atakuambia ni njia ile ile.

Shilingi ya Uganda haina soko pwani. Badilisha Kampala au Nairobi, ubaki na noti ndogo za Kenya kwa tuktuk na chakula, na uwe na laini ya Safaricom yenye M-Pesa kwa mengine yote. Kiingilio cha hifadhi hakipokewi kwa fedha taslimu. Hulipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen. Onyesha kitambulisho chako, maana raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, tofauti na cha mgeni wa ng'ambo.

Kuyasoma maji

Hapa ndipo mtu wa ziwani hukosea zaidi. Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, haipwi wala haijai kwa namna ya kuonekana. Ukiacha viatu ufukweni Entebbe utavikuta. Watamu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inaweza kupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo.

Kanuni ya pwani hii ni rahisi kukumbuka. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi hiyo hiyo ndiyo maji yamejaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kabla ya kulipia chumba angalia jedwali la maji la siku zako, kwani mtu aliyekuja kuogelea asubuhi wakati wa bamvua atakuta mchanga, mwani na mashimo ya maji ya magoti.

Bamvua ina faida yake. Maji yakitoka unaweza kutembea hadi kwenye visiwa vya mawe vilivyo mbele ya ufukwe na kuona viumbe vya madimbwini. Vaa viatu vya soli ngumu, kwa kuwa viumbe vyenye miiba mirefu myeusi vimejaa kwenye mawe, na samaki jiwe hulala mchangani bila kuonekana. Ukichomwa na samaki jiwe, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, huku ukipelekwa hospitali. Geuka kurudi mara tu maji yanapoanza kusogea, kwa maana hayaji kwa mstari mmoja. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako.

Kwa kuangalia matumbawe kwa miwani na mrija, saa nzuri ni karibu na maji kupwa, matumbawe yanapokuwa karibu na macho na mkondo umetulia. Boti za kwenda kwenye bustani za matumbawe zina bei ya kuelewana. Ulizia mapema kama kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo, kwani ugomvi mwingi unaanzia hapo. Na msalimie nahodha vizuri kabla ya kutaja bei. Kwa mzee ni shikamoo, anayeanza na "bei gani?" hupewa bei ya anayeanza na "bei gani?".

Upande mmoja bahari inaishinda Nalubaale moja kwa moja: haina kichocho.

Mbizi yenyewe

Boti za wazamiaji hutoka asubuhi, hupita kwenye mlango wa mwamba, na huko nje ndiko mawimbi yaliko. Anayetapika kwenye magari atumie dawa ya kichefuchefu aliyoijaribu siku nyingine, maana baadhi huleta usingizi mzito. Kunywa maji tangu jana yake. Pombe ya usiku huo iache.

Uzito. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia mbili na nusu hivi. Mtu mwenye kilo 80 pamoja na vifaa vyake huelea zaidi kwa kilo mbili hivi, kwa hiyo risasi (vipande vizito vya kukuzamisha) zilizokutosha bwawani hazitatosha hapa. Jipime kabla ya kushuka: jaketi la kuelea likiwa halina hewa na mapafu yamejaa nusu, maji yafike usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, punguza; kichwa chote kikibaki nje, ongeza kilo moja. Walimu wenye haraka hupenda kuwaongezea wanafunzi risasi ili washuke upesi. Kataa kwa upole na omba upimwe, kwa sababu mwenye risasi nyingi hupuliza hewa nyingi kwenye jaketi, na hewa hiyo hutanuka anapopanda ikamrusha juu.

Masikio. Kwenye mita 10 shinikizo limekuwa mara mbili ya lile la juu ya maji, na mita za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote zinazofuata. Ziba pua, puliza taratibu, uanze ukiwa bado juu, kisha kila unaposhuka nusu mita au mita moja, kabla hujasikia maumivu. Ukisikia maumivu umechelewa: panda mita moja, jaribu tena. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kupasua ngoma ya sikio na likizo ikaishia hapo. Mwenye mafua asizamie. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa sikioni wakati wa kupanda, na huko hakuna cha kupuliza.

Pumzi. Usiizuie kamwe. Hewa uliyoivuta kwenye mita 10 huwa mara mbili kwa ukubwa ukifika juu, na mapafu yaliyofungwa hupasuka hata kwa kupanda mita chache. Hii ndiyo sababu mwalimu hurudia neno hilo hadi linachosha.

Mtungi huanza na shinikizo la bar 200 hivi. Mwonyeshe kiongozi geji ikifika 100, na uwe juu ukiwa bado na 50. Mgeni humaliza hewa mapema kuliko wenzake kwa kuwa anapiga mikono. Ifunge kifuani, tumia mapezi tu, vuta na toa pumzi ndefu. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, kisha simama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka.

Chini utaona samaki kama chewa, mkunga mrefu kama nyoka kwenye mashimo yake, na taa aliye bapa; pia kasa, pweza kwa bahati. Papa potwe hupita msimu wa kaskazi, lakini kituo kinachokuahidi potwe kwa tarehe fulani kinakuuzia maneno. Usishike kitu: tumbawe huvunjika kwa kugusa pezi, na mchubuko wake mwilini hukawia kupona. Makombe na matumbawe ya kuuzwa ufukweni usinunue.

Kupanga siku za mwisho

Kwa mbizi moja ya kawaida, wataalamu wa usalama wa uzamiaji wanashauri kusubiri saa 12 kabla ya kuruka. Kwa mbizi za siku kadhaa, saa 18 au zaidi. Kwa anayepita Timboroa tunasema saa 24 kamili kwa kiwango cha chini kabisa, zikihesabiwa hadi unapoondoka Mombasa, kwani treni yenyewe inapanda hadi mita 1,600 na zaidi kabla hujafika Syokimau. Sababu ni naitrojeni: ukiwa chini huyeyuka kwenye damu na misuli, na hutoka polepole. Ukipanda mlima kabla haijaisha, inageuka mapovu.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Ondoka Kampala Ijumaa jioni, fika Mombasa Jumamosi usiku, Watamu Jumapili. Kozi iwe Jumatatu hadi Alhamisi, mbizi ya mwisho iishe Alhamisi adhuhuri. Ijumaa ni siku kavu: magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, mikoko ya Mida, au msitu wa Arabuko-Sokoke, vyote viko karibu na usawa wa bahari. Kuogelea juu ya maji kunaruhusiwa. Kuzamia hata dakika 10 "kwa kuaga" kunairudisha saa yako kwenye sifuri. Jumamosi ondoka asubuhi, treni ya alasiri, lala Nairobi, basi la Jumapili.

Dalili za ugonjwa wa wazamiaji mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 24: maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi, miguu kukosa nguvu, madoa ya ngozi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Zikikupata bado uko pwani, usisafiri. Piga simu kituo ulichozamia, wakupe oksijeni na wakupeleke penye chumba cha shinikizo. Uliza chumba hicho kiko wapi siku ya kwanza, na uandike namba. Zikikupata Nairobi, usipande basi la Kampala. Nenda hospitali kubwa na uanze kwa kusema umezamia kwa mtungi, lini, mara ngapi na kina gani, kwa sababu daktari wa bara anayeona bega linalouma atakuandikia dawa ya maumivu na kukuruhusu uende.